THAWABU, UJIRA, ZAWADI NA TUZO: TUJUE TOFAUTI YA MANENO YA MALIPO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), ambaye hapotezi amali ya mtenda wema hata ikiwa ndogo kama chembe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapenzi, na ndugu zetu wazazi, somo letu la mwaka huu ni la lugha, lakini ndani yake mna fiq-hi na mna tabia njema. Tutayachambua maneno tunayoyatumia mtu anapopewa kitu kwa sababu ya jambo alilolifanya.

UTANGULIZI

Wanafunzi wetu walio sekondari hukutana na neno la Kiingereza "reward". Wakiulizwa maana yake, wengi hujibu haraka "zawadi". Wengine husema "malipo", na waliokaa sana madrasa husema "thawabu". Kila mmoja amepata kidogo na amekosa kidogo, kwani neno hilo moja linabeba yote hayo, ilhali Kiswahili chetu kimeyagawa.

Wanaochunguza asili ya maneno wanasema kuwa neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ya mwanzo ilikuwa kumtazama mtu au kumjali. Nasi katika Kiswahili tuna neno kutunza. Kumtunza mtoto ni kumlea na kumwangalia, na kumtunza bwana au bibi harusi, au mpiga ngoma, ni kumpa fedha au kitu mbele ya watu. Ni neno moja la kuangalia na la kuzawadia. Kumbe watu wa mbali na sisi tumefikia fikra moja, kwamba anayepewa kitu kwa wema wake ni mtu aliyeonekana, hakupuuzwa.

Huenda msomaji akauliza, yana faida gani haya? Faida yake ni kubwa, kwa sababu anayechanganya maneno haya huchanganya haki za watu. Yuko anayemlipa kibarua fedha yake kisha akahesabu kuwa amemsaidia. Yuko anayempa mtumishi wa ofisi rushwa akaiita zawadi. Na yuko anayefanya ibada huku macho yake yako kwenye tuzo. Basi na tuyatazame moja baada ya jingine.

1. THAWABU

Neno hili ni la Kiarabu, na asili yake ni kurejea. Thawabu ni kile kinachomrejea mja kutoka kwa Mola wake kwa sababu ya amali yake njema. Katika Kiswahili hatusemi kwamba tajiri amempa mfanyakazi thawabu, wala serikali kuwapa watumishi thawabu. Neno hili tumeliacha kwa Allah (S.W.) peke yake, na tumefanya vyema.

Thawabu ina sharti lake, nalo ni nia. Watu wawili wanaweza kufagia msikiti mmoja, siku moja, kwa fagio moja, mmoja akatoka na thawabu na mwingine akatoka na vumbi tu. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim tunaelezwa habari za watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama: aliyepigana vitani, aliyesoma elimu na Qur'an akafundisha, na aliyetoa mali. Kazi zao zote zilikuwa njema kwa nje, lakini walizifanya ili watajwe na watu, na walikwisha kutajwa. Walichokitafuta walikipata hapa hapa duniani.

2. UJIRA NA JAMAA ZAKE

Ujira nao ni wa Kiarabu. Kutokana na mzizi huo huo tumepata ajira, kuajiri, mwajiri na mwajiriwa. Ujira ni haki ya mtu aliyefanya kazi kwa mapatano. Wanazuoni wameweka wazi kwamba kazi ijulikane, ujira ujulikane, na pande zote mbili ziridhike. Kazi ikishafanyika, ujira ni deni. Hautolewi kwa huruma wala haumfanyi anayelipa kuwa mfadhili.

Mshahara umetokana na neno la Kiarabu shahr, yaani mwezi, kwa kuwa hulipwa kila mwezi. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mkoa huu zama za ukoloni walikuwa na kitu kinachoitwa kipande. Kilikuwa ni kadi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi yake iliandikwa, siku asiyomaliza haikuandikwa, na fedha ililipwa zitimiapo siku 30 za kazi. Hivyo "mwezi" wa mkonge ungeweza kuchukua muda mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Neno mshahara lilikuwapo, lakini mwezi wenyewe ulikuwa mikononi mwa nyapara.

Posho ilikuwa chakula cha wapagazi na vibarua, na sasa ni fedha ya kujikimu kazini au safarini. Kiinua mgongo hupewa anayemaliza utumishi. Kifuta jasho ni kidogo kinachotolewa kwa aliyetaabika. Jina hili la mwisho linatukumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yaliyopokewa na Ibn Majah, kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tahadhari tu: kifuta jasho kisitumike kuzibia ujira kamili. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka Kinole, au kijana aliyeshusha magunia ya mboga za Mgeta sokoni, akiwa alipatana nawe bei, basi mpe bei mliyopatana. Usimpe nusu ukasema "hiki cha kufuta jasho".

Tena Imam Bukhari amepokea kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Allah (S.W.) atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Tuiogope hali hii.

3. JAZAA

Kila siku tunaambiana "Jazakallahu khairan", yaani tunamwombea mwenzetu malipo ya kheri. Kwa nini tukaongeza neno kheri? Kwa sababu jazaa pekee yake ni malipo yanayolingana na kitendo, mema kwa mema na mabaya kwa mabaya. Katika Surat Al-Maida neno hili limetumika kwa adhabu ya mwizi, na katika Surat Ar-Rahman limetumika kwa wema unaolipwa wema.

Wanafunzi wasichanganye jazaa hii na kitenzi jaza, cha kujaza ndoo maji. Hicho kimetokana na jaa, nacho si cha Kiarabu.

4. ZAWADI, HIDAYA NA TUZO

Zawadi inanasibishwa na neno la Kiarabu zaad, yaani masurufu ya safari, chakula anachokichukua msafiri. Hata leo anayerudi safari huulizwa, "Zawadi yetu iko wapi?" Zawadi ya asili haina sharti la kazi. Unampa mtu kwa mapenzi, na asipopewa hawezi kukushitaki.

Hidaya kwa maana ya zawadi inatoka kwenye hadiyya ya Kiarabu, nayo inashirikiana mzizi na hidaya ya uongofu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipokea hidaya na akirudisha wema kwa aliyempa.

Tuzo imetokana na kutuza. Siku hizi ni ile heshima anayopewa aliyeshinda au aliyefanya jambo kubwa, nayo hutolewa baada ya watu kupima na kuamua. Mwaka 2004 Wangari Maathai wa Kenya alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi iliyojengwa juu ya upandaji miti. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Upande wa Qur'an, tangu mwaka 1997 Dubai imekuwa na tuzo yake ya kimataifa, na hapa nchini mashindano ya kuhifadhi hufanyika hasa mwezi wa Ramadhani.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Ikiwa zawadi ya mashindano imetolewa na mfadhili asiyeshindana, hapo pana unafuu. Lakini vijana kumi wakitoa shilingi elfu moja moja, wakacheza mpira, na mshindi akachukua zote, hiyo si zawadi wala si tuzo. Ni kamari, hata kama imefungwa kwa utepe. Hali kadhalika mikeka ya kubashiri mechi iliyoenea mitaani kwetu. Matangazo yake huita fedha ile "zawadi" na "ushindi", lakini asili yake ni mali ya wenzako walioshindwa.

5. "ZAWADI NONO ITATOLEWA"

Mara nyingi tunaona matangazo kwenye nguzo na kuta: mtu amepoteza cheti au mfugo, na chini imeandikwa kwamba atakayekiona atapewa zawadi nono. Je, hii ni zawadi kweli?

Katika fiq-hi jambo hili lina jina lake, nalo ni ju'ala. Ni malipo yaliyotangazwa kwa yeyote atakayekamilisha kazi fulani, bila kumtaja mtu maalumu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, wameijuzisha. Ushahidi wao mmoja ni kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), pale lilipopotea kopo la mfalme na ikatangazwa kuwa atakayelileta atapata shehena ya ngamia mmoja.

Basi aliyetangaza, kitu chake kikaletwa, hana hiari tena. Anadaiwa. Na asiseme neno "nono" tu akanyamaza. Ataje kiasi, maana nono ya mwenye kutafuta si nono ya mwenye kupotelewa.

6. TAKRIMA, HONGO NA RUSHWA

Takrima inatokana na ukarimu, na kumkirimu mgeni ni sunna. Lakini jina zuri linaweza kuvishwa jambo baya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya nchi yetu ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kutoa takrima kwa wapiga kura wakati wa kampeni. Watetezi wa haki za binadamu walifungua kesi, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Mwaka 2007 ikatungwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa.

Hongo nayo ina historia. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapita sehemu zetu hizi za Morogoro na kuelekea Ugogo, ililipa hongo kwa watawala wa njiani ili iruhusiwe kupita na kupata maji. Wakati ule ilikuwa ushuru unaojulikana na watu wote. Leo neno hilo hilo ni la kificho na aibu.

Rushwa, wanalugha wa Kiarabu huihusisha na rishaa, yaani kamba ya ndoo ya kisimani. Mwenye kamba hufika kwenye maji, na asiye na kamba hubaki na kiu, hata kama kisima ni cha wote. Nani atahitaji maelezo zaidi ya hayo?

Mtu atapimaje kama alichopewa ni hidaya au ni rushwa? Mtume (S.A.W.) ametupa kipimo. Alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi akasema kuwa sehemu hii ni yenu, na sehemu hii nimepewa hidaya mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama hidaya hiyo ingemfikia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi kila mwenye cheo ajiulize: nisingekuwa kwenye kiti hiki, je, mbuzi huyu angeletwa kwangu? Nabii Suleiman (A.S.) naye alipoletewa hidaya na malkia wa Sabaa ili aiache da'awa yake, aliirudisha.

7. MFANO KUTOKA MILIMA YETU YA ULUGURU

Tuyaone maneno haya katika kazi moja tunayoifahamu, yaani kuhifadhi udongo mlimani.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Walichoshwa na kazi ile, na faida yake hawakuiona. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa. Hapo palikuwa na shuruti bila ujira.

Zaidi ya miaka 50 baadaye mambo yalikuja kwa sura nyingine. Milima ya Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayotegemewa sana na Dar es Salaam. Udongo ukimomonyoka huku juu, maji huchafuka kule chini. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mradi katika eneo la Kibungo Juu. Wakulima walilipwa kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kuweka mistari ya nyasi mashambani. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola. Hapo palikuwa na mapatano na ujira. Mkulima hakuombwa fadhila, kwani anayenywa maji safi chini anafaidika na jembe la aliye juu.

Lakini lipo jambo la tatu ambalo hakuna shirika linaloweza kulilipa. Katika Bukhari na Muslim tunafundishwa kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mkulima wa Kibungo aliyepanda mti kwa ajili ya ujira, na moyoni akanuia pia wema huu, tunataraji kwa Allah kuwa amepata mawili. Ujira wa halali hauifuti thawabu ya mwenye nia njema. Nabii Musa (A.S.) aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili wa Madyan bila kutaka chochote, akaenda kukaa kivulini. Baadaye aliitwa alipwe, kisha akaingia mkataba wa miaka minane, akipenda atimize kumi. Hakuona haya kupokea.

8. JE, MWALIMU WA MADRASA ALIPWE?

Hili tunalisema kwa uwazi, kwa sababu linazungumzwa vibarazani. Kuna wazazi wanaosema, "Mwalimu wa Qur'an atalipwa na Allah." Ni kweli, na sisi walimu ndilo tumaini letu. Lakini mzazi huyo huyo hamwambii mwalimu wa tuisheni kuwa atalipwa na Allah.

Wanazuoni wamelijadili jambo hili tangu zamani. Imam Malik na Imam Shafii wamejuzisha ujira wa kufundisha Qur'an. Wanaegemea Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) katika Bukhari, inayoeleza kuwa Kitabu cha Allah ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Imam Abu Hanifa hakuruhusu. Naye ana ushahidi, ukiwemo wa Ubada bin Samit (R.A.), aliyepewa upinde na mtu aliyemfundisha, na Mtume (S.A.W.) akamtahadharisha. Lakini wanazuoni wa baadaye wa madhehebu yake waliruhusu, walipoona kuwa ruzuku za baitulmali kwa walimu zimekatika na Qur'an inaogopewa kupotea. Wengine wamefafanua kuwa Ubada alianza kufundisha kwa kujitolea kwa ajili ya Allah, hivyo hakutakiwa kubadilisha njiani.

Hivyo tofauti tuliyoieleza inafanya kazi hapa pia. Ada iliyopatanwa baina ya mzazi na madrasa ni ujira, basi ilipwe kama deni. Asiye na uwezo aseme mapema apunguziwe au asamehewe, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa aibu. Kilemba, ambacho wazee walimpa mwalimu mtoto alipohitimu, ni shukrani, na shukrani hailazimishwi. Ama thawabu, hiyo mwalimu asiitafute mfukoni mwa mzazi. Mwalimu anayemjali zaidi mtoto wa tajiri na kumsahau mtoto wa kibarua amepokea ujira akaacha thawabu mlangoni.

HITIMISHO

Tufupishe kwa kusema hivi. Thawabu ni ya Allah na sharti lake ni nia. Ujira ni haki na sharti lake ni mapatano. Jazaa hulingana na kitendo. Zawadi na hidaya ni za mapenzi. Tuzo ni heshima ya aliyepimwa. Ju'ala ni ahadi inayogeuka deni. Rushwa ni kamba ya kuwanyima wengine maji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mzee amempa mjukuu wake shilingi elfu tano kwa kufaulu mtihani. Je, ni ujira, zawadi au tuzo? Toa sababu.
2. Mtu ametangaza malipo kwa atakayemrudisha mbuzi wake. Ameletewa, akatoa "asante" tu. Nini hukumu yake?
3. Karani amepelekewa kuku nyumbani na mtu mwenye shauri ofisini kwake. Tumia kipimo tulichokisoma.
4. Taja mambo mawili yanayotofautisha matuta ya mwaka 1955 na yale yaliyoanza mwaka 2006.
5. Muulize mzazi wako: je, yuko mtu yeyote anayetudai ujira? Jibu la swali hili lisiandikwe daftarini. Lipelekwe kwa mwenyewe kabla jasho halijakauka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kutimiza haki za watu, na azitakabali amali zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.